Bajeti inapanda kila Juni, mbona kwangu hali ni ileile?

Swali la msomaji: "Mimi ni mkulima wa maharage na mihogo wilayani Kasulu, mama wa watoto wanne. Kila Juni nasikiliza bajeti redioni, na kila mwaka matrilioni yanaongezeka. Kijijini kwetu zahanati imejengwa, madarasa mapya yapo, nguzo za umeme zimepita mbele ya nyumba yangu. Lakini nikipiga hesabu zangu naona nipo palepale nilipokuwa miaka kumi iliyopita. Hivi kweli fedha za serikali zinapunguza umaskini, au mtu hujikwamua kwa jasho lake tu?"

Mwakeye, dada yangu, nikusalimu kwa Kiha. Jibu fupi kwanza. Ndiyo, fedha za serikali hupunguza umaskini, na zikielekezwa vibaya huuacha ulivyo au hata kuuongeza. Jasho lako lina kazi kubwa, lakini jasho hilohilo hulipa zaidi au hulipa kidogo kutegemea mambo usiyoweza kuyafanya peke yako: barabara ya kufika gulioni, dawa ya mtoto, mwalimu darasani. Nimefanya kazi ya mipango katika halmashauri za huku magharibi kwa miaka mingi, na kama kuna jambo moja nililojifunza ni kwamba maskini hashibi jengo. Anafaidika na kinachotendeka ndani ya jengo wiki baada ya wiki. Nchi nyingi zinazoendelea ni hodari wa kujenga na wazito wa kuendesha kilichojengwa, na naamini hapo ndipo hesabu zako zinapokwama.

Niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana hapa kwetu ushahidi upo wazi. Watu hupenda kusema mkoa wetu wa Kigoma umechelewa kwa sababu uko mbali. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tuna reli kwa zaidi ya miaka mia moja, kabla ya mikoa mingi inayotuzidi leo. Lakini wakoloni waliamua Buha, nchi ya Waha, iwe mahali pa kuchukulia vibarua. Wenzetu wa Kilimanjaro na Bukoba walikuwa na kahawa. Vijana wa Kiha walipandishwa treni wakakate mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Shamba la nyumbani likabaki kwa mama na watoto. Treni ileile ambayo ingeweza kushusha pembejeo na kupandisha mazao ilipandisha nguvu za vijana. Nikimsikia mtu akisema Waha ni maskini kwa sababu hawajitumi, huniuma, kwa sababu babu zao walijituma hadi wakavunjika migongo, ila faida ilibaki kwenye mashamba ya watu.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka, nayo yakawa na pande mbili. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamishia watu kwenye vijiji. Shule na huduma zikawasogelea, mashamba na migomba ya zamani ikaachwa nyuma. Kisha uchumi ukayumba, na mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kubana matumizi. Miaka iliyofuata ndiyo ya kuchangia gharama: ada shuleni, malipo hospitalini. Waliokuwa watoto wakati huo leo ni wazazi, na wapo wasiojua kusoma kwa sababu ya ada ndogo tu. Kwa hiyo unapouliza kama sera zinagusa umaskini, angalia kizazi kilichokuzunguka.

Sasa tarakimu, kwa ufupi. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, ya 2025/26 ikawa trilioni 56.49. Tarakimu hiyo ina mishahara, ina ulipaji wa madeni, ina miradi mikubwa ya kitaifa. Bei nazo zinapanda na watu wanaongezeka: sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, na mkoa wetu pekee una karibu milioni 2.5. Upande wa umaskini, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya unaonyesha kwamba Tanzania Bara walioishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007, asilimia 28.2 mwaka 2011/12, na asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Umepungua, ila polepole. Na kwa kuwa tunazaana kuliko unavyopungua, watu wenyewe waliokuwa maskini mwaka 2018 walikadiriwa kuwa takriban milioni 14. Mstari wenyewe ulikuwa Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama Sh 1,640 kwa siku. Aliyetumia Sh 1,700 kwa siku hakuhesabiwa maskini. Mtoto mmoja akiugua, anarudi chini ya mstari. Ndiyo maana unaweza kusikia umaskini umepungua na wewe usiuone ukipungua. Wengi wamesimama ukingoni.

Turudi kwenye zahanati yako, maana hapo ndipo pa kukaa.

Zahanati hujengwa kwa fedha za maendeleo. Dawa, gesi ya friji la chanjo, posho ya muuguzi anayezunguka vitongojini, petroli ya pikipiki, hayo yapo kwenye matumizi ya kawaida. Fedha za maendeleo zina wafadhili, zina viongozi wa kuja kukata utepe, zina picha. Matumizi ya kawaida hayana mgeni rasmi. Mwaka wa fedha ukibana, yanayopunguzwa kwanza ni hayo, kwa sababu ukipunguza mafuta ya pikipiki hakuna anayelia siku hiyo. Analia mwenye mtoto, miezi mitatu baadaye, na analia peke yake.

Fuata safari ya homa moja. Mtoto amechemka usiku. Asubuhi mama anatembea saa moja na nusu hadi zahanati. Kisheria na kisera mtoto wa chini ya miaka mitano hatakiwi kulipa. Anapimwa, anaambiwa dawa imekwisha, akanunue duka la dawa. Hana fedha taslimu, maana maharage bado yamo gunia. Anauza debe mbili kwa mchuuzi siku hiyohiyo, kwa bei ya mavuno, bei ya chini kuliko zote za mwaka. Mwezi Januari, akiba ikiisha, atanunua maharage yaleyale kwa bei maradufu. Katika vitabu vya halmashauri, kijiji hiki kimefikiwa na huduma ya afya. Katika nyumba ya huyu mama, boksi moja la dawa lililokosekana limekula mbegu ya msimu ujao. Huo ndio umaskini unavyotengenezwa, kidogo kidogo, na hautaonekana katika hotuba yoyote.

Nimeona vivyo hivyo kwenye maji. Katika halmashauri moja niliyofanya kazi, kisima kirefu kilichimbwa, tangi likajengwa, mabomba yakasambazwa. Pampu ikaharibika kipuri kimoja. Bajeti ya matengenezo ilikuwa sifuri kwa sababu mradi ulihesabiwa "umekamilika". Kisima kilikaa bila kutoa maji viangazi viwili. Wasichana wakarudi mtoni, saa mbili kwenda na kurudi, na wachache wakaacha kabisa shule. Nilikuwa mmoja wa walioandika "umekamilika" katika taarifa ile, na nimejutia neno lile kuliko kosa lolote la kazi yangu. Tangu siku ile, mtu akinionyesha mradi namuuliza kwanza nani atalipa mwaka wa nne.

Shule ni habari njema zaidi, na ni haki kuisema. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto walimiminika madarasani, na waliomiminika zaidi ni wa nyumba kama yako. Mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne. Sijui hatua nyingine ya serikali nchini iliyowafikia maskini kwa wingi na kwa haki kiasi hicho, kwa sababu haikuhitaji mtu kumchagua nani anastahili. Lakini tazama fedha ya kuendesha. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilipangwa Sh 10,000 kwa mwaka, wakati huo ikiwa karibu dola 10. Ilipofika 2016 ilikuwa bado Sh 10,000, sasa chini ya dola 5, na Sh 4,000 kati yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 inapokea milioni 3.6 kwa mwaka mzima: chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa madawati, yote humo. Ndipo unapoitwa kikao cha wazazi na kuombwa mchango wa mlinzi.

Na hiyo ndogo, je, hufika? Majirani zetu Waganda waliwahi kujiuliza swali hilo kwa ujasiri. Utafiti uliofuatilia ruzuku za shule kati ya 1991 na 1995 ulikuta kwamba, kwa wastani, shule zilipokea asilimia 13 tu ya fedha zilizotoka makao makuu. Nyingine zilikwama njiani, wilayani. Serikali yao ikaanza kuchapisha kwenye magazeti kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Miaka michache baadaye kiwango kilichofika kilipanda hadi karibu asilimia 80. Wachumi wameendelea kubishana kama magazeti peke yake ndiyo yaliyoleta mabadiliko, kwa kuwa mageuzi mengine yalikwenda sambamba. Mimi nina hakika na hili moja: fedha inayojulikana na mzazi ni ngumu kuiba kuliko fedha inayojulikana na mhasibu tu.

Umetaja jasho, kwa hiyo huenda umewahi kusikia kwamba kuwapa watu fedha mkononi ni kuwalemaza. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, ulianza kwa majaribio mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, kisha ukasambazwa nchi nzima hadi kufikia kaya takriban milioni 1.1. Yale majaribio yalipimwa kwa makini, vijiji vilivyopokea vikilinganishwa na ambavyo bado. Kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, ziliwanunulia watoto viatu, ziliongeza mbuzi na kuku. Safari za zahanati ziliongezeka mwanzoni, halafu zikapungua, kwa kuwa watu walikuwa wazima zaidi. Kuhusu pombe, mapitio ya tafiti za nchi nyingi yaliyotolewa mwaka 2014 na wachumi wa Benki ya Dunia hayakukuta ongezeko la ulevi kwa wanaopokea ruzuku. Brazil ilianza mpango wa namna hii, Bolsa Família, mwaka 2003. Uligharimu karibu nusu asilimia tu ya pato la taifa na ukagusa takriban robo ya wananchi.

Udhaifu wa kwetu ninaouona ni kuchelewa. Mama aliyeahidiwa malipo kila miezi miwili hupanga: mwezi huu dawa, ujao kuku. Malipo yakichelewa miezi mitano kisha yakaja kwa mkupuo, ameshakopa kwa riba mtaani, na mkupuo unaishia kwa mkopeshaji. Kiasi kidogo kinachokuja kwa tarehe kina nguvu kuliko kikubwa kisichojulikana siku yake.

Kuna upande mwingine ambao husahaulika kabisa: wewe nawe unalipa. Hupati stakabadhi ya mshahara, lakini sabuni unayonunua ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, vocha ina kodi, nauli ina mafuta na mafuta yana tozo. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, iliyopunguzwa baadaye baada ya watu kulalamika. Kijana wa Kariakoo aliyemtumia mama yake Kasulu alikatwa, na mama akakatwa akitoa. Ukijumlisha kodi za namna hii na ukatoa fedha taslimu ambazo serikali inawarudishia maskini, wachumi waliofanya hesabu hiyo kwa Tanzania kwa takwimu za kaya za 2011/12 walikuta kwamba nyumba nyingi maskini zilitoa fedha taslimu zaidi ya zilizopokea. Wanachorudishiwa ni huduma: shule, zahanati, chanjo. Sasa unganisha na yale ya boksi la dawa. Huduma ikiwa tupu, maskini amelipia kitu ambacho hakukipata.

Ruzuku za bei ndizo zinazonipa shaka zaidi. Juni 2022 mafuta yalipopanda, serikali iliweka Sh bilioni 100 kwa mwezi ule kupunguza bei. Nauli zilipata nafuu, sikatai. Lakini aliyefaidi zaidi ni anayechoma lita nyingi, na wewe huchomi lita. Ruzuku ya mbolea ya msimu wa 2022/23, bilioni 150, ilikuwa karibu zaidi na shamba lako: mfuko wa kilo 50 wa urea ukashuka hadi Sh 70,000. Hata hivyo mwenye nusu eka hununua nusu mfuko na mwenye eka hamsini hununua mzigo wa lori. Zamani za vocha za pembejeo, kuanzia 2008, utafiti wa Kilimanjaro ulikuta kwamba karibu asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa ziliangukia kaya za viongozi wa vijiji wa kuchaguliwa. Ilikuwa fedha halali ya maskini, na iliishia kwa jirani mwenye mhuri.

Kwa Kigoma, ningepewa kalamu ya bajeti, ningeandika barabara za vijijini na matengenezo yake. Simaanishi barabara kuu. Hizo zimefanyiwa kazi, na anayekumbuka kuvuka Malagarasi kabla ya daraja la mwaka 2015 anajua uzito wake. Namaanisha zile kilomita kumi na nne za udongo mwekundu kutoka shambani kwako hadi lami. Mvua za Machi zikikata kalvati moja, lori haliji. Anakuja mchuuzi wa pikipiki, na anajua huna mwingine. TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ilianzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara hizi, na tangu Julai 2021 inapata Sh 100 za nyongeza kwa kila lita ya mafuta. Nchi ni kubwa na fedha haitoshi, ila angalau ni fedha yenye chanzo chake, ya kila mwezi, inayoweza kufanya matengenezo. Ndiyo aina ya fedha ninayoipenda.

Sera nyingine hazina hata senti ndani yake na zinauma au kuponya vilevile. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, samaki walipata nafasi ya kuzaliana, na ni jambo la lazima kwa ziwa. Lakini mama anayeanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, alilipa gharama ya miezi mitatu kwa mfuko wake. Sera nzuri huuliza nani anabeba gharama kabla ya tarehe ya kuanza.

Sasa kuhusu wewe. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele yenu. Ukihudhuria, usianze na ya jengo jipya. Uliza dawa zilizoletwa zahanati robo hii ni kiasi gani na ni siku ngapi dawa ya malaria haikuwepo. Uliza mwalimu mkuu amepokea ruzuku ya shilingi ngapi na lini. Muulize mtendaji nani kapewa jukumu la kalvati kabla ya masika. Mwulize pia kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Utaratibu wake ulisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, kwa hiyo mhitaji aliyekata tamaa wakati ule ajaribu tena, kwa kikundi kinachofahamika kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Usiende peke yako. Nenda na akina mama watano, kila mmoja na swali lake moja, maana swali la mtu mmoja huitwa ugomvi. Na mtendaji akijibu kwamba taarifa ipo ofisini, mwombeni kwa heshima aifuate, mtamsubiri hapohapo chini ya mwembe.